Tabibu Naye ni Mwanafunzi: Soriasisi na Haja ya Kuendelea Kusoma

Yako maradhi yanayoua, na yako yasiyoua ila humnyima mtu raha ya kuishi. Soriasisi, maradhi ya ngozi ambayo wengi wetu tumeyaona bila ya kuyajua jina, aghalabu huwa katika fungu hili la pili. Mwenye nayo huamka akakuta shuka imejaa magamba. Viwiko huvificha ndani ya buibui hata katika joto la kaskazi. Akipeleka sahani ya futari kwa jirani, sahani hurudi haikuguswa, na binti akiposwa, wazee wa upande wa pili huulizana faraghani, "Hayo aliyo nayo mikononi ni nini?"

Makala nyingi za afya humwendea mgonjwa, zikamwambia afanye hili na aache lile. Wiki hii, ndugu msomaji, tumeonelea tumtazame yule anayekaa upande wa pili wa meza: daktari, afisa wa kliniki, muuguzi na muuza dawa. Je, wao wanaijua soriasisi? Na kama waliisoma zamani, wameidurusu? Suali hili lamgusa kila mama, kwa kuwa upungufu wa ujuzi wa tabibu hatimaye hulipiwa na nyumba.

Ni maradhi gani haya?

Ngozi ya mwanadamu hujivua na kujivika upya pole pole. Seli zake huzaliwa chini, zikapanda juu kwa muda wa takriban mwezi mmoja, kisha zikapukutika bila ya sisi kuona. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humkosea adui ikaichochea ngozi yenyewe. Ile safari ya mwezi hufupika ikawa ya siku chache tu. Seli hurundikana kabla ya kukomaa, na hapo ndipo hutokea mabaka yaliyoinuka, yenye mipaka iliyo wazi na magamba makavu juu yake. Waarabu huyaita maradhi haya sadafiya, kutokana na neno sadaf, yaani ganda la kombe la baharini, na mwenye kuyatazama magamba yale meupe yanayong'aa hatauliza kwa nini.

Soriasisi haiambukizi. Haipiti kwa kupeana mkono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kuvaliana nguo, wala kwa mume na mke kulala kitanda kimoja. Mtu huweza kuwa na asili yake katika ukoo, kisha jambo fulani likaiamsha: dhiki ya moyo, jeraha la ngozi, uvutaji wa sigara, au baadhi ya dawa. Kwa watoto na vijana, huweza kuzuka ghafla kama matone mwili mzima, wiki chache baada ya kuugua mafindofindo. Haina tiba ya kuing'oa moja kwa moja, lakini inazo dawa za kuituliza, na wengi wanaotibiwa vyema hukaa muda mrefu ngozi yao ikiwa safi.

Kuchanganywa na maradhi mengine si jambo la leo. Kwa karne nyingi huko Ulaya walikuwapo wenye soriasisi waliodhaniwa kuwa na ukoma, wakatengwa na watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 tabibu Robert Willan wa London aliyaeleza maradhi haya kwa umakini, na mwaka 1841 Ferdinand von Hebra wa Vienna akayatenga waziwazi na ukoma. Vitabuni, basi, kosa lile lilisahihishwa zamani. Majumbani na zahanatini bado lipo, ila limebadilisha sura.

Kwa nini hukosewa?

Tuchukue mfano wa mama anayepika mahamri na kuyauza mlangoni pake. Anatokwa na mabaka viwikoni na kichwani. Zahanati ya kwanza yamwambia ni choa, apewa marhamu ya fangasi, apaka miezi miwili bila nafuu. Duka la dawa lamuuzia krimu kali ya steroidi. Mabaka yatulia, naye afurahi. Aacha kupaka, yarudi. Kituo cha tatu chamdunga sindano ya steroidi. Kwa wiki mbili ngozi yawa laini kama ya mtoto, kisha maradhi yarudi kwa kishindo, yakaenea pasipokuwa na kitu hapo awali. Wateja wamepungua. Wifi wananong'ona. Huko kliniki mtu amemtajia kaswende mbele ya watu, na maneno yamefika nyumbani kabla yake.

Hakuna hata mmoja katika hao aliyemtakia shari. Kila mmoja alimpa alichokijua, na alichokijua ni kile alichofundishwa miaka mingi nyuma, katika saa chache za somo la ngozi, kwa kutumia picha za wagonjwa weupe. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika ngozi nyeupe, soriasisi huonekana nyekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Katika ngozi zetu huonekana ya zambarau, ya kijivu au ya hudhurungi iliyoiva, na ikipona huacha doa jeusi au jeupe linalochukua miezi kufutika. Tabibu anayengoja wekundu hatauona. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma chuo cha St George's huko London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha picha kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za maradhi katika ngozi nyeusi na za maji ya kunde. Ikiwa mwanafunzi aliona pengo hilo katika jiji lenye vyuo vikongwe vya utabibu, sisi tutastaajabu nini likiwapo kwetu?

Jambo hili halikupuuzwa na wakubwa. Mwezi wa Mei 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio juu ya soriasisi, na mwaka 2016 shirika hilo likatoa ripoti kamili. Yote mawili yalikiri kwamba watu wengi huteseka bila ya sababu: hutambuliwa wakiwa wamechelewa au hutambuliwa visivyo, hawapati tiba ifaayo, na walimwengu huwakimbia. Tarehe 29 Oktoba kila mwaka imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka.

Anachopaswa tabibu kukidurusu

Sisi tuliopitia madrasa twajua kwamba aliyehifadhi juzuu kumi, asipozidurusu, zitamtoka moja baada ya moja. Elimu ya tiba nayo ni hivyo hivyo, na zaidi, kwa sababu yenyewe hubadilika. Hapa Kenya madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi hutakiwa waonyeshe kuwa wameendelea kusoma ili leseni zao zihuishwe. Utaratibu huo ni mwema. Lakini masomo ni mengi, na ngozi aghalabu huketishwa nyuma ya malaria, uzazi na kisukari, kwa hoja ya kwamba ngozi haiui. Basi ni yapi ambayo somo zuri la soriasisi humfundisha tabibu?

La kwanza ni kutazama mwili wote. Mabaka ya viwikoni ni mlango tu. Tabibu aliyefunzwa hutazama kichwa chini ya mtandio, nyuma ya masikio, kitovuni, kiunoni, na mikunjo iliyo chini ya matiti na kinenani, ambapo soriasisi huwa laini, haina magamba, na hudhaniwa fangasi. Hutazama kucha pia, akitafuta vishimo vidogo vidogo mfano wa vile vya kastabini ya fundi wa kofia. Kwa mwanamke wa Kiislamu uchunguzi huu wataka chumba chenye pazia na, inapowezekana, muuguzi wa kike. Ikiwa hayo hayapo, mama ataonyesha mkono pekee, na tabibu ataandika dawa ya mkono pekee.

La pili ni kupima ukubwa wa maradhi. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi ya mwili wake. Maradhi yakiwa chini ya viganja 3 huhesabiwa hafifu, kati ya 3 na 10 ni ya wastani, na yakizidi 10 ni makali. Hata hivyo baka moja usoni au sehemu za siri laweza kumtaabisha mtu kuliko mabaka kumi mgongoni. Kwa ajili hiyo mwaka 1994 matabibu wa Cardiff, nchini Wales, walitunga maswali 10 yanayouliza namna ngozi inavyomwathiri mgonjwa: mavazi yake, kazi zake, aibu yake, na maisha yake na mwenzi wake. Maswali hayo sasa hutumika duniani kote. Tunasema, tabibu akimuuliza mama suali moja tu kati ya hayo kwa upole, huenda likawa la kwanza aliloulizwa kwa miaka.

La tatu ni viungo. Sehemu kubwa ya wagonjwa, katika baadhi ya hesabu hata wakakaribia thuluthi, hupata pia ugonjwa wa viungo ufungamanao na soriasisi. Dalili zake ni viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kidole kizima kufura, na maumivu ya kisigino au ya mgongo yanayopungua mtu akitembea. Aghalabu ngozi hutangulia kwa miaka, kwa hiyo anayetibu ngozi ndiye aliye na nafasi ya kuwahi. Viungo vikisha kuharibika havirudi vilivyokuwa, na mama asiyeweza kukunja ngumi hawezi kukanda unga.

La nne ni kumtazama mtu mzima. Wenye soriasisi kali wamo katika hatari zaidi ya kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na huzuni nzito. Aidha, soriasisi inayozuka ghafla kwa ukali huweza kuwa ishara ya virusi vya Ukimwi, na tabibu hana budi kumshauri mgonjwa apimwe, kwa siri na kwa heshima. Sisi majirani hatuna ruhusa ya kukata hukumu, kwani wengi mno wenye soriasisi hawana virusi hivyo.

Dawa, na tahadhari kwa mama zetu

Msingi wa tiba ni kulainisha ngozi kila siku kwa mafuta mazito yasiyo na manukato. Mafuta ya mgando hufaa, na mafuta safi ya nazi husaidia kulainisha, ijapokuwa hayaponyi. Juu ya hayo huja marhamu za steroidi, asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, dawa za lami ya makaa ya mawe, na kalsipotrioli iliyotokana na vitamini D. Tabibu mzuri haishii kuandika "paka mara mbili". Humwonyesha mgonjwa kipimo. Marhamu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kifundo chake cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili.

Steroidi ni rafiki kwa mwenye kuijua na ni adui kwa asiyeijua. Krimu kali za klobetasoli, ambazo wengine huzinunua ili kujichubua, zikitumiwa ovyo huikondesha ngozi na kuiachia michirizi. Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi kwa mgonjwa wa soriasisi, kwa kuwa zikikatizwa maradhi huweza kurudi kwa namna kali, yenye usaha au yenye kuufunika mwili wote. Ngozi ikiwaka takriban mwili mzima, mgonjwa akatetemeka kwa baridi au homa, hiyo ni dharura: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maradhi yakiwa makali zaidi, kuna tiba ya mwanga inayotolewa hospitalini kwa vipimo, na kuna methotreksati. Dawa hii ni ya zamani, si ghali, na imewasaidia wengi. Hunywewa mara moja kwa wiki. Tunairudia kauli hii kwa makusudi: mara moja kwa wiki. Wako watu duniani waliofariki kwa kuinywa kila siku kimakosa, kwa sababu aliyeandika, aliyeuza au aliyesoma karatasi hakuwa makini. Haifai kabisa kwa mwenye mimba, wala anayetarajia kushika mimba, wala anayenyonyesha, na huhitaji vipimo vya damu na ini mara kwa mara. Acitretin nayo hudhuru mtoto tumboni, na mwanamke hutakiwa asishike mimba hadi ipite miaka 3 baada ya kuiacha. Kwa hiyo tabibu asiyemuuliza mke wa miaka 25 kuhusu uzazi kabla ya kuandika dawa hizi amekosa jambo zito, na mke naye asione haya kulitaja.

Siku hizi zipo pia dawa za kibayolojia, ambazo huzuia hasa ule ujumbe wa kinga unaoiwasha ngozi. Zimebadilisha maisha ya wengi, lakini bei yake ni kubwa, na mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu kilichojificha ili kisiamke.

Kumjua mgonjwa wa kwetu

Elimu ya tiba haikamiliki bila ya kuyajua maisha ya anayetibiwa. Mgonjwa wetu hutawadha mara tano kwa siku, na viwiko ni katika vinavyooshwa. Marhamu aliyopaka kabla ya swala itaondoka na maji, na ile nzito yenye kuzuia maji kufika ngozini itamtia shaka juu ya udhu wake. Ushauri mwepesi ni apake baada ya swala, hasa baada ya isha, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ama mwezi wa Ramadhani, kupaka dawa juu ya ngozi hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, wala asiache matibabu kwa sababu hiyo. Mwenye vidonda ambavyo maji huvidhuru, sheria imemwekea wepesi, na amuulize mwanazuoni aliye karibu naye.

Aidha, ile hina nyeusi iliyochanganywa na kemikali huweza kuichoma ngozi, na kwa mwenye soriasisi kila jeraha laweza kuwa kitalu cha baka jipya. Bibi harusi mwenye maradhi haya na aulize kabla ya siku ya kupakwa. Kusomewa dua ni jambo jema, wala halipingani na kunywa dawa. Dini yetu imetuhimiza yote mawili.

Elimu hii hupatikana wapi?

Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache, na wengi wao wamo Nairobi na katika miji mikubwa. Mgonjwa wa Lamu, Tana River au Kwale atakutana kwanza na afisa wa kliniki au muuguzi, na huenda asikutane na mwingine. Hilo lilitambuliwa zamani. Mjini Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Rai ya waanzilishi ilikuwa kwamba, madamu mabingwa hawatoshi, wafundishwe maafisa wa kliniki na wauguzi walio tayari kazini, kwa miaka 2, kisha warudi kuhudumu makwao. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo.

Si kila mtu aweza kuacha kazi miaka miwili, na si lazima. Nchini Mali, watumishi wa vituo vya kawaida walipewa mafunzo mafupi juu ya maradhi ya ngozi yaliyoenea, na ilionekana kwamba utambuzi wao uliongezeka na gharama ya dawa walizoandika ikapungua. Maana yake ni kwamba siku moja ya kusoma humpunguzia mgonjwa miezi ya kutapatapa na fedha za marhamu zisizomfaa.

Wajibu wetu

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya serikali na vyuo, mimi mama wa nyumbani nifanye nini?" Yako ya kufanya.

Uendapo kliniki, uliza bila ya ukali: "Daktari, hii yaweza kuwa soriasisi? Dawa hii nitaitumia kwa muda gani? Ina madhara nikiwa na mimba? Viungo vyangu navyo vitazamwe?" Suali la adabu halimvunjii tabibu heshima, humkumbusha. Beba zile tyubu na vifurushi vya dawa ulizowahi kutumia, na picha za siku mabaka yalipokuwa makali. Asipokuwa na hakika, mwombe akuandikie barua kwa bingwa.

Vyama vya kina mama na kamati za misikiti zetu hukusanya michango ya harusi, ya mazishi na ya ujenzi. Hawatashindwa kumwalika daktari wa ngozi kwa siku moja, akae asubuhi na wauguzi na wauza dawa wa mtaa awafundishe, na jioni awatazame wagonjwa. Nauli ya afisa wa kliniki mmoja kwenda kwenye mafunzo ni sadaka ambayo manufaa yake hayaishi kwake, kwani kila atakayemtibu ameipata sehemu yake. Wahenga wetu waliwekea waqfu visima na taa za misikiti. Nasi tuwekee elimu ya watibabu wetu.

Na la mwisho liko mikononi mwetu wote, wala halihitaji leseni. Sahani ya jirani mwenye soriasisi ikiletwa, ipokewe, iliwe, na irudishwe na kitu ndani yake. Akija arusini apewe mkono. Binti yake akiposwa, aulizwe tabia na dini yake, na ngozi iachiwe tabibu aliyesoma.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awazidishie elimu wanaowatibu. Wabillahi tawfiq.